Aama, Shusha Simu

Jumamosi, 8 Novemba

Mashine namba tatu imegoma tena. Fundi amekuja, ameipiga teke, ikaanza kuzunguka. Hiyo ndiyo elimu aliyosomea.

Wageni wapya tangu jana. Timu ya taifa ya wanawake ya Nepal, ghorofa ya nne nzima ni yao. Kambi ya wiki moja, halafu mechi ya kirafiki Ijumaa, kisha warudi kwao. Ate, supavaiza wetu wa Ufilipino, aliuliza nani anajua kufua jezi bila kubambua namba. Nikainua mkono kabla hajamaliza. Miaka sita nafua mashuka na taulo za watu, leo nimeshika jezi. Nimenusa moja. Jasho na nyasi. Wenzangu wameniona wakacheka. Wacheke.

Nina miaka thelathini na tatu na nilikuwa golikipa. Hapa Doha anayejua ni Prossy peke yake, Mganda ninayeishi naye chumba kimoja kule Muaither, naye haamini. Anasema kipa gani anaogopa mende.

Kwenye orodha yao kuna jozi tatu za glavu. Kwenye kapu nimekuta mbili. Nimeandika kando: moja haipo.

Jumapili, 9 Novemba

Mwenye glavu ameshuka mwenyewe mpaka huku chini londri. Msichana wa miaka ishirini na mbili, mikono mirefu, nywele amezifunga kwa kamba ya kiatu. Jina Bimala. Hataki glavu zake ziingie mashine. Aliomba beseni, maji ya vuguvugu na shampuu ya watoto. Akazivaa, akaanza kuziosha hivyo hivyo zikiwa mikononi, kama mtu anayenawa kabla ya ugali.

Mimi nilikuwa nafanya vilevile. Vilevile kabisa! Nikamwambia asisokote, abonyeze tu, aanike kivulini. Akanitazama. Nikamwonyesha kidole cha mwisho cha mkono wangu wa kushoto, kilichopinda. Akavua glavu, akatoa chake. Kimepinda upande uleule. Tulicheka mpaka Ate akachungulia.

Sasa ananiita didi. Kwao ni dada mkubwa. Kiingereza chake kinachechemea na changu kinachechemea, lakini tunafika.

Sheria ya hoteli: mfanyakazi asizoeane na mgeni. Nimesikia.

Jumatatu, 10 Novemba

Meneja wao, mama wa miwani asiyecheka, huwanyang'anya simu. Wanapewa saa moja tu kwa siku, baada ya chakula cha jioni. Nepal wako mbele yetu karibu saa tatu, kwa hiyo wakati huo mamake Bimala ameshalala fofofo. Hajaongea naye tangu watue.

Nimempa simu yangu. Chumba cha kukunjia mashuka, yeye ndani, mimi mlangoni nikijifanya nahesabu foronya.

Mama anamwita Aama. Simu ya nyumbani ni ya kaka yake mkubwa, anamwita Dai. Dai aliwahi kufanya kazi hapa hapa Doha, kufunga majukwaa ya ujenzi, akarudi kwao na mgongo mbovu na Kiarabu cha saiti. Anampa mama simu, mama anaishika karibu na uso kupita kiasi. Tunaona paji la uso na kipini cha pua, basi. Bimala anapiga kelele, "Aama, shusha simu!" Mama anaipandisha. Sasa tunaona dari. "Aama! Shusha!" Mama anacheka, anakohoa, paji la uso linarudi. Bimala akaniambia hajauona uso mzima wa mamake kwenye simu hata siku moja. Atauona vizuri akirudi.

Nikaitwa nisalimie. Mama aliuliza kitu, Bimala akatafsiri. Je, nimekula? Aki. Miaka kumi na moja hakuna mtu ameniuliza swali hilo akilimaanisha. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Namba yangu sasa iko kwenye simu ya Dai. Ameiandika Didi Doha.

Jumatano, 12 Novemba

Anakuja kila asubuhi kabla ya mazoezi. Glavu, beseni, simu. Dakika kumi.

Leo ameshuka mbio. Kocha ametangaza: Ijumaa golini ni yeye. Miaka miwili anaitwa timu ya taifa na miaka miwili anakaa benchi na koti. Mechi ya kwanza! Alinirukia tukaangukia rundo la taulo, safi, ilibidi nizirudie.

Akampigia Aama. Mama akauliza kama uwanjani kuna baridi. Halafu akalalamika. Dai humwegemezea simu kwenye kopo la sukari atazame mechi za timu, naye hatazami mpira, humtafuta mwanawe. Mwaka wote alichopata kuona ni koti benchini, tena kwa bahati. Anataka kujua anayepiga picha ana ubaya gani na binti yake. Ijumaa hatakosa kumwona. Wamekubaliana: kabla mpira haujaanza, Bimala atainua glavu zote mbili kuelekea kamera.

Mama alikohoa sana leo. Bimala anasema ni baridi ya huko milimani.

Sasa niandike hili. Sijawahi kuliandika.

Kakamega, nusu fainali, niko na miaka ishirini na mbili kama yeye. Tunapasha misuli. Mjomba akaja nyuma ya goli langu, kofia mkononi. Akasema, "Nekesa, mamako ametuacha." Hivyo tu. Refa akapuliza kipenga. Nilicheza. Nilifungwa manne. La mwisho lilipita katikati ya miguu yangu likitambaa, na nikasikia watu wakicheka. Mayi wangu alikaa mochari siku kumi na sita. Kumi na sita! Kamati, mikutano, kungoja shangazi wa Kampala. Mjomba angeshindwa kungoja dakika tisini? Sikuvaa glavu tena. Mjomba sijamsamehe, na sina haja ya kujifanya nimemsamehe.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo Aama hakuja kwenye simu. Dai alisema amelala, amechoka. Bimala alinuna kidogo, kisha akapona. Ana mechi kichwani.

Meneja anachukua simu zote leo jioni, hata ile saa moja haipo. Mpaka mechi iishe. Bimala alimwambia Dai mbele yangu, na mimi akanitafsiria: kesho kukiwa na neno lolote, mpigie didi. Nikasema nitalifikisha. Akanikabidhi kidole chake kilichopinda, nikakishika na changu. Mkataba wa makipa.

Ate amekubali nibebe jezi mpaka uwanjani, upande wa Abu Hamour. Nimeomba kwa unyenyekevu mpaka akashuku. Ijumaa ni siku yangu ya kupumzika na sijali.

Ijumaa, 14 Novemba

Saa tatu asubuhi.

Dai alipiga saa mbili na nusu. Sauti ya mtu aliyekuwa anakimbia. "Aama khalas, didi. Aama khalas." Kwa Kiarabu chake cha saiti, mama amekwisha. Nikasema pole, pole sana. Akasema, "Mwambie Bimala apige. Sasa hivi. Sasa hivi." Nikasema sawa, nitamwambia. "Tunangoja," akasema, akakata.

Nilipanda lifti mpaka ghorofa ya nne. Walikuwa kwenye kifungua kinywa. Alikaa kwenye kona, glavu kando ya sahani kama mtoto aliyeletewa zawadi. Anacheka na wenzake. Akaniona mlangoni. Akainua dole gumba. Nami nikainua langu.

Nimerudi chini.

Nimefikiria. Mechi ni saa kumi na moja. Saa moja jioni imekwisha, nitamwambia mimi mwenyewe, taratibu, akiwa ameketi. Aliyekufa amekufa, haendi popote. Huko nyumbani wataita jamaa wa mbali, watakaa matanga, watapanga mazishi. Kesho atakuwa kwenye ndege na atafika mapema kuliko wengi. Haraka haraka haina baraka. Msichana huyu amengoja miaka miwili. Sitamfanyia alichonifanyia mjomba. Sitasimama nyuma ya goli lake na kofia mkononi.

Simu naiweka loka na sauti nimezima. Sheria ya kazi, hakuna simu londri. Leo sheria imenifaa.

Saa nane kasoro robo mchana. Nimefungua loka kuchukua kitambulisho. Miskoli ishirini na tano, zote za Dai. Ya ishirini na sita ilikuwa inaita wakati huo huo, simu inawaka mkononi mwangu bila sauti. Masikini, uchungu. Watu wakifiwa hupiga simu, hawajui la kufanya na mikono. Nimeilaza kifudifudi. Basi linatungoja.

Jioni. Nimemwambia. Mungu wangu nimefanya nini.

Jumamosi, 15 Novemba

Jana sikuweza kuandika. Leo pia siwezi lakini naandika.

Uwanja mdogo, watu wachache, wengi wao Wanepali wa hapa na watoto wao na bendera. Nilisimama nyuma ya goli na mfuko wa jezi. Kamera moja kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, pembeni ya mstari. Kabla ya kuanza Bimala akaigeukia, akainua glavu zote mbili. Akangoja kidogo, kama mtu anayengoja ajibiwe. Mimi nilitazama chini.

Alicheza. Sijaona kipa akicheza hivyo, na nimeona makipa. Alitoka golini kwa wakati, alipiga kelele, aliwapanga mabeki wake kama mama mwenye nyumba. Kipindi cha pili wapinzani wakapewa penalti ya uonevu. Akaenda kushoto, akaipangua kwa ncha ya kile kidole. Nilipiga mayowe. Ndiyo, nilipiga mayowe, nilisahau. Sekunde kumi hivi nilisahau kabisa.

Walishinda moja bila. Kipenga kilipolia wenzake walimkimbilia, yeye akawakwepa akakimbilia kamera. Akasogeza uso karibu, karibu mno, mpaka paji la uso na pua, akicheka, akaita, "Aama! Aama!" Alikuwa anamwigiza mamake. Mpiga picha alicheka. Wote walicheka.

Nikamketisha juu ya mfuko wa jezi, ukumbini, nje ya chumba cha kubadilishia. Nikasema moja kwa moja. Mama amefariki, Dai alipiga. Hakulia. Aliuliza, "Saa ngapi?"

Nikamwambia saa mbili na nusu asubuhi.

Akaanza kuhesabu kwa vidole, glavu zikiwa bado mikononi. Alihesabu, akasimama, akahesabu tena. Kisha uso wake ukabadilika. Sitausahau. Akaninyang'anya simu. Akaona zile miskoli ishirini na sita. Akampigia Dai na nilisikia sauti ya mwanamume mzima akilia, kisha sauti yake yeye, sauti nisiyoijua, ikiuliza jambo moja, tena na tena. Niliinua mkono nimguse bega. Akarudi nyuma. "Didi, no."

Meneja ndiye aliyenieleza, kwenye maegesho, miwani mkononi. Kwao mtu hazikwi. Huchomwa, na huchomwa siku ile ile, kando ya mto, kabla jua halijazama. Hakuna mochari. Hakuna siku kumi na sita. Dai na wazee walimbeba Aama mpaka mtoni mchana wa kwao, wakamlaza, uso ukaachwa wazi. Dai akasimama na simu juu yake. Kuhani alisema waanze. Wazee walisema waanze. Dai akasema hapana, Bimala ameshaambiwa, didi amesema atamwambia, anakuja kwenye simu sasa hivi. Walingoja kwa sababu nilisema sawa. Jua likaanza kushuka nyuma ya mlima. Akapiga mara ya mwisho. Halafu wakafunika uso.

Mara ya mwisho ni ile iliyowaka mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyeilaza kifudifudi.

Kabla ya kupanda basi Bimala alinijia. Alisimama mbali kidogo. Alitafuta maneno ya Kiingereza mpaka akayapata. "Ungeniambia, labda ningecheza, labda nisingecheza. Lakini ningemwona."

Kisha akapanda basi.

Jumapili, 16 Novemba

Ameondoka jana adhuhuri, yeye na meneja. Timu inafuata kesho.

Mpishi ananiambia jana asubuhi aliomba wali mweupe usiotiwa chumvi na hakula na wenzake. Siku kumi na tatu atakaa hivyo, bila chumvi, nguo nyeupe, bila kuguswa na mtu. Kumbe ndiyo maana alirudi nyuma nilipotaka kumshika. Au siyo. Sijui kama ilikuwa mila au ilikuwa mimi. Nadhani vyote viwili.

Glavu zimebaki. Jozi yake ya akiba, ziko kwenye kamba yangu huku chini, kivulini, pale tulipozianika Alhamisi asubuhi. Nilipoziona nilikimbia mpaka mapokezi. Gari lilikuwa limekwenda zamani, jana! Ninakimbilia nini? Bawabu aliniuliza kama nimefiwa.

Meneja hakunishtaki kwa hoteli. Ningependa angenishtaki. Ningefokewa, ningekatwa, ningepewa barua, ningejua nimelipa kiasi gani.

Jumatatu, 17 Novemba

Jezi zao zimeondoka, nimezikunja mimi. Namba moja sikuiona, aliivaa ndani ya sweta akaenda nayo.

Prossy amekaa kitandani kwangu baada ya zamu. Si mtu wa maneno matamu. Amesema, "Nekesa, hukujua." Nikamwambia ni kweli, sikujua. Sikuuliza pia. Mwanamume ananiambia sasa hivi, mara mbili, na mimi naamua sasa hivi yake ni jioni yangu. Hilo halihitaji mtu ajue mila za nchi yoyote. Mtu akisema sasa hivi ni sasa hivi.

Haraka haraka haina baraka. Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote nilifundishwa siku moja, darasa moja, na mwalimu mmoja. Niliokota ile iliyonipendeza.

Nilijiambia ni kwa ajili yake. Uongo. Pale mlangoni kwenye kifungua kinywa sikumwona Bimala. Nilijiona mimi, na ile mipira minne. Niliiokoa mechi yangu ya Kakamega, na nimemlipisha yeye.

Prossy akasema nile. Nikasema nimekula.

Ijumaa, 21 Novemba

Siku ya mapumziko. Nimempigia mjomba.

Miaka kumi na moja. Alidhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, nauliza tu. Kwa nini hukungoja mechi iishe? Akasema watu pale uwanjani walikuwa wameshajua. Kocha alijua, wauza miwa walijua, wasichana wa timu nyingine walijua. Alikimbia kutoka stendi kwa miguu ili nisiwe wa mwisho kujua kuhusu mama yangu. "Sikufikiria mpira, mama. Nilikufikiria wewe." Anaita wasichana wote mama.

Sikumwambia kilichotokea hapa. Nililia na yeye akadhani nalilia marehemu. Nilimlilia pia. Nikamwambia mjomba, nisamehe. Akasema, "Kwa lipi tena?" Mzee amesahau kwamba nilikuwa nimemnunia. Miaka yote hiyo nimenuna peke yangu.

Jumapili, 23 Novemba

Kanisani sikuimba.

Nilimwandikia Bimala siku ya Jumanne. Maneno machache, nisamehe, sikujua, sikuuliza. Alama zinaonyesha ameona. Hajajibu. Sitaandika tena, nisije nikamfanya anifariji.

Jumatano, 26 Novemba

Siku ya kumi na tatu. Nilikuwa nahesabu bila kutaka kuhesabu.

Ujumbe umeingia saa nne asubuhi, kutoka simu ya Dai, lakini ni yeye. Nauandika hapa jinsi nilivyouelewa.

Didi, leo tumemaliza. Nimekula chumvi. Dai ananiambia siku ile, kabla hawajafunika uso wa Aama, alirekodi video akaituma kwenye simu yako ili nikichelewa niione. Yake ameifuta, hawezi kuishi nayo mfukoni. Kwa hiyo ipo kwako tu. Usiifute. Usinitumie. Sijaweza. Nikiweza nitakuomba.

Nimesoma mara tatu. Nikaenda kutafuta. Ipo kweli, chini ya ile foleni ya miskoli, sikuwahi kushuka mpaka pale. Dakika moja na sekunde arobaini. Haijafunguliwa. Kijipicha chake ni ukungu, rangi ya machungwa na nyeupe, huwezi kutambua kitu.

Nimejibu neno moja. Sawa. Halafu nikaogopa, kwa sababu ndilo neno nililomwambia Dai. Nikaongeza: itakuwa hapa.

Nikauliza kuhusu glavu, nizitume? Hajajibu hilo.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimewaza kuifungua. Niseme ukweli kwa sababu hapa nadanganya nani. Nilikaa choo cha wafanyakazi na kidole juu ya skrini. Nilitaka kumwona. Yule mama aliniuliza kama nimekula na sijui hata ana uso gani.

Sikuifungua. Bimala hajauona. Sitakuwa wa kwanza mimi.

Simu sasa naiweka mfukoni londri, sauti juu. Ate aliiona, ikalia mbele yake, matangazo tu ya kampuni ya simu. Akanitazama, akatazama zile glavu kwenye kamba, akaendelea na orodha yake.

Alhamisi, 4 Desemba

Mashine namba tatu imekufa kabisa. Mateke hayasaidii. Wanaleta nyingine.

Kuna timu nyingine imekuja, wanaume wa mpira wa mikono, sijui wa wapi. Ate aliuliza nani atafua jezi. Nikaendelea kukunja.

Jumapili, 7 Desemba

Asubuhi, kabla ya basi la kazi.

Simu imeniandikia kwamba nafasi imejaa. Haipokei kitu tena, hata ujumbe. Nikapata hofu, je, kama alishaomba na haukuingia? Nikakaa kitandani nikaanza kufuta. Nyimbo za kwaya. Harusi ya binamu. Mapishi ya Prossy. Video za watu wakianguka ambazo watu hunitumia. Haikutosha. Nikafuta picha zangu za hapa Doha, miaka sita, mimi na majengo. Haikutosha bado.

Ikabaki video moja ya zamani, ndefu, nimekuwa nikiihamisha kutoka simu hadi simu. Kakamega, mechi ya robo fainali, wiki moja kabla. Mimi golini, naruka, nadaka, na nyuma ya kamera sauti ya Mayi wangu akipiga vigelegele. Sura haionekani. Sauti tu.

Niliisikiliza mara moja mpaka mwisho. Halafu nikaifuta.

Sasa nafasi ipo. Ujumbe umeingia, miwili, wa kanisa na wa kazini. Ile ya Dai iko palepale, dakika moja na sekunde arobaini, ukungu wa machungwa na nyeupe.

Glavu nimezifua jana kwa maji ya vuguvugu na shampuu ya watoto. Nimebonyeza, sikusokota.

Nimekunywa chai na mkate. Bimala bado hajaomba. Basi linapiga honi huko nje, nakwenda.